Anajua Kila Kitu Ila Kusoma: Tumsaidieje Mtoto Mwenye Disleksia?



Makatekista wengi wa huku kwetu Dodoma wanamfahamu mtoto huyu. Ukimwuliza Sakramenti Saba anazitaja zote bila kukosea. Ukimsimulia mfano wa Mwana Mpotevu siku ya Jumapili, Jumatano atawasimulia wenzake na kuongeza mlio wa nguruwe. Lakini mpe kitabu asome mistari miwili mbele ya wenzake, jasho linamtoka. Anaanza silabi ya kwanza, anakisia zilizobaki, anakosea, darasa linacheka. Ripoti ya shule inasema ni mvivu, aongeze bidii. Baba anaona mtoto anafanya kusudi, na bibi anauliza kwa sauti ya chini kama kuna jirani aliyemfanyia kitu.

Makala haya yanamhusu mtoto huyo, pamoja na kaka na dada zake walioko kidato cha kwanza na cha pili. Si kila anayeshindwa kusoma yuko hivyo, na nitaeleza namna ya kutofautisha. Lakini baadhi yao wana hali inayoitwa disleksia, na hali hiyo haiondolewi kwa fimbo, wala kwa mganga, wala kwa miwani.

Disleksia ni nini?

Ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, unaompata mtu ambaye katika mambo mengine akili yake ni nzima kabisa. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la madaktari wa nchi yake habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Alikuwa hodari wa hesabu, mchangamfu katika michezo, lakini maneno mafupi ya kawaida yalimshinda. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Zaidi ya miaka 125 baadaye, katekista wa Bahi au Kongwa anaweza kuyasema maneno hayohayo juu ya mtoto wake.

Zamani waliiita upofu wa maneno. Leo watafiti wengi wanakubaliana kwamba kwa walio wengi shida iko katika namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Kuongea mtoto hujifunza kwa kusikiliza tu. Kusoma ni kitu kingine: ni lazima agundue kwamba neno “mama” lina sauti nne, na kwamba kila sauti ina alama yake. Daraja hilo kati ya sauti na alama kwa wengine hujengeka kwa miezi michache. Kwa mwenye disleksia linajengeka polepole sana, na lazima lijengwe kwa makusudi. Hali hii huenda katika ukoo; ukiuliza vizuri, mara nyingi utasikia kwamba mjomba naye “alikataa shule”. Makadirio ya kawaida duniani ni kati ya asilimia 5 na 10 ya watu. Tukichukua asilimia hiyo, darasa la watoto 80 linaweza kuwa na wanne hadi wanane.

Kiswahili kinaificha

Hapa pana jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Mengi tunayoyasoma kuhusu disleksia yametoka katika nchi za Kiingereza, na dalili zinazotajwa ni za mtoto anayesoma Kiingereza: anakosea maneno waziwazi, tena mengi. Kiswahili kinaandikwa karibu sawa na kinavyotamkwa. Irabu ni tano tu, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Kwa hiyo hata mwenye disleksia, akikariri ba, be, bi, bo, bu kwa miaka mitatu au minne, mwishowe anaweza kusoma. Anasoma kwa usahihi lakini polepole mno, kama mtu anayevuka korongo wakati wa mvua, akipapasa jiwe moja baada ya jingine. Akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo wake. Watafiti wameona hali hiyohiyo katika lugha nyingine zenye maandishi yanayofuata sauti, kama Kiitalia, Kijerumani na Kifini.

Kwa hiyo, mzazi na mwalimu, usisubiri makosa. Angalia kasi. Mtoto wa darasa la tatu ambaye bado anakata kila neno silabi kwa silabi, wakati wenzake wanatiririka, anahitaji kuangaliwa. Angalia maneno marefu kama “hawakumtambulisha”, ambapo silabi za katikati humezwa. Angalia ng', ny, mbw, gh na dh. Angalia b na d zinazobadilishana hata baada ya darasa la pili, na mtoto anayenakili ubaoni akapoteza mstari kila anapoinua kichwa. Hata kabla ya shule kuna dalili ndogo: anachelewa kuongea, anageuza maneno (“kibatu” badala ya “kitabu”), anashindwa kushika mfuatano wa siku za wiki.

Kinachofuata ni kidato cha kwanza. Hapo masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza, na Kiingereza hakina huruma kwa mtu wa namna hii. Katika neno “night” herufi gh hazitamkwi kabisa. Katika “enough” herufi hizohizo zinageuka kuwa f. Kijana aliyejikokota kwa Kiswahili miaka saba anaanguka ndani ya muhula mmoja. Sisi tunasema ameharibikiwa na makundi, au simu, au utoro. Utoro kweli unakuja, ila mara nyingi umetanguliwa na aibu. Tusisahau pia kwamba kwa watoto wengi wa vijijini kwetu Kiswahili chenyewe ni lugha ya pili, baada ya Kigogo, Kirangi au Kisandawe cha nyumbani. Huyo anajenga daraja hilo mara mbili.

Lakini si kila mtu

Kabla ya kutaja disleksia, ondoa mambo mengine. Je, anaona vizuri? Anasikia vizuri? Kliniki ya macho iko katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na uchunguzi wa macho unaweza kuokoa miaka ya lawama. Je, amekuwa darasani? Mtoto aliyekuwa shambani kuanzia Desemba, kisha akawa machungani, hajafundishwa; hilo ni jambo jingine. Anakuja ameshiba? Anayechanganya l na r kwa sababu ndivyo wanavyotamka nyumbani hana disleksia. Mtafiti wetu Damaris Ngorosho, aliyefundisha elimu maalumu Lushoto, aliwachunguza watoto wa darasa la pili vijijini mashariki mwa Tanzania akaona kwamba mambo kama elimu ya wazazi na vitabu vilivyomo nyumbani yana uhusiano na uwezo wa mtoto kusoma. Basi unapoona mtoto hajui kusoma, kwanza jiulize kama amewahi kupewa nafasi ya kujifunza. Aliyefundishwa sawa na wenzake, anayeona, anayesikia, anayeelewa unapomsimulia, na bado maandishi yanamkataa, huyo ndiye tunayemzungumzia.

Nyumbani

Jambo la kwanza ni kumwambia mtoto ukweli: wewe si mjinga, ubongo wako unajifunza kusoma kwa njia ndefu zaidi, na tutaipita pamoja. Wengine wamengoja miaka kusikia sentensi hiyo.

Kisha kazi yenyewe, dakika 15 kila siku, si saa mbili Jumamosi. Anzeni na sauti kabla ya herufi. Nitajie neno linaloanza kama “simba”. Ukiondoa “ki” kwenye “kikombe” kinabaki nini? Pigeni makofi kwa kila silabi. Hili halihitaji kitabu wala taa, linafanyika mnapopukuchua karanga, na mama asiyejua kusoma analiweza sawasawa na mwalimu.

Wakati wa utume wa likizo nilikaa na mvulana wa darasa la tano katika kigango kimoja. Tuliokota vizibo vya soda, tukaandika herufi kwa kalamu ya wino mzito, moja kila kizibo, na ng' na ny tukaziweka pamoja kwenye kizibo kimoja ili azione kama sauti moja. Alijenga maneno mezani, akayavunja, akayajenga tena. Neno gumu aliliandika kwa kidole kwenye mchanga huku akilitamka, maana mkono nao unakumbuka. Kisha tulisoma pamoja kwa sauti, mimi na yeye kwa wakati mmoja, kadi ikiwa chini ya mstari tunaousoma. Baada ya wiki sita hakuwa msomaji hodari. Aliweza tu kusoma aya fupi bila kutetemeka, na alianza kuleta kitabu mwenyewe. Kwangu hayo yalikuwa maendeleo makubwa.

Na msomeeni. Mtoto anayesubiri hadi ajue kusoma ndipo apate hadithi na maarifa anabaki nyuma mara mbili. Dada mkubwa amsomee historia yake, kijana wa sekondari asikilize masomo kwenye simu. Biblia ya Kiswahili iliyorekodiwa inapatikana pia.

Shuleni

Najua mwalimu wa darasa la watoto 80 akisoma haya atasema: lini? Ana haki. Ndiyo maana naanza na yale yasiyohitaji muda. Usimsimamishe asome mbele ya darasa bila kumwandaa. Mpe aya jana ili aisome leo. Mketishe mbele. Mwulize kwa mdomo. Unaposahihisha jibu la sayansi, toa alama za sayansi, usizikate kwa tahajia. Badala ya kunakili ubao mzima, anakili mistari mitatu ya maana na mwenzake ampe daftari. Maneno kumi ya imla yawe matano. Na katika Kiingereza, msimwachie akariri sura za maneno. Afundishwe sauti za herufi za lugha hiyo upya, kama mtoto wa darasa la kwanza, bila kudharauliwa.

Nchi yetu ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na mikakati ya elimu jumuishi. Lakini ulemavu tunaouelewa haraka ni ule unaoonekana. Kila mtu hapa Dodoma anajua kwa nini kuna shule ya wasioona kule Buigiri, na hakuna anayemchapa asiyeona kwa kutosoma ubaoni. Disleksia haina fimbo nyeupe. Inategemea mwalimu mmoja aliyetulia akatazama. Wapo waliosomea kazi hiyo: Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinaandaa walimu wa elimu maalumu, na mkuu wa shule anaweza kumwuliza ofisa elimu maalumu wa halmashauri ni nani aliye karibu.

Nasi katika Kanisa

Sisi waseminari tunaishi kwa vitabu, na ni rahisi kudhani kwamba asiyesoma hana akili. Ajabu ni kwamba Sokrate, tunayemjadili kila muhula, hakutuachia hata ukurasa mmoja alioandika mwenyewe. Na Mtume Paulo, alipowaeleza Warumi jinsi imani inavyokuja, alitaja kusikia. Kwa nini basi mtoto wa Kipaimara afeli kwa sababu ya karatasi? Ajibu kwa mdomo. Ajifunze kwa wimbo. Anayetaka kuwa msomaji wa Neno apewe somo siku saba kabla, lililoandikwa kwa herufi kubwa.

Mtakatifu Yohane Maria Vianney alisumbuliwa sana na masomo, hasa Kilatini, hadi seminari kuu ya Lyon ikamrudisha. Siwezi kusema alikuwa na disleksia; hakuna aliyempima. Ninachojua ni kwamba padre Balley, paroko wa Écully, aliendelea kumfundisha nyumbani kwake kwa namna aliyoielewa, naye akapewa upadre mwaka 1815. Ndiye msimamizi wa maparoko wote. Mtihani wa kuandika wa kuingia seminari ndogo unatuonyesha nani anasoma haraka. Nani anayeitwa, sidhani.

Mzazi unayehisi kwamba mtoto wako ni mmoja wao, usiende shuleni na malalamiko. Nenda mapema mwaka unapoanza, wala si mwezi wa mtihani, ukiwa na daftari mbili: la mwaka jana na la sasa. Mwombe mwalimu wa darasa asikilize mtoto akisoma aya moja faraghani kwa dakika moja, ahesabu maneno aliyoyasoma sawasawa, na aandike tarehe. Fanya hivyo nyumbani pia kila mwezi. Baada ya miezi mitatu ya zile dakika 15 mtakuwa na namba za kuzungumzia na mkuu wa shule, na mtoto mwenyewe ataziona zikipanda.