Malindi na Galaksi Zilizojificha

Pafukapo moshi pana moto, walinena wahenga. Lakini moshi peke yake haumwambii mtu ni jiko la nani liwakalo. Wataalamu wa nyota wanalijua jambo hilo vizuri, kwani kazi yao ya kuzitafuta galaksi zenye vitovu vikali huanza kwa moshi na humalizika kwa utambulisho.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya kujitawala, roketi ilifyatuliwa kutoka jukwaa la Waitalia liitwalo San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba satelaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Hiyo ndiyo satelaiti ya kwanza kuundwa mahsusi kwa kupima eksirei zitokazo angani, ambazo hewa yetu huzizuia zisifike ardhini. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na baadhi yake vilikuwa galaksi za mbali.

Eksirei hizo huzaliwaje? Katika kitovu cha galaksi ya namna hiyo mna shimo jeusi lenye uzito wa majua milioni nyingi, pengine mabilioni. Gesi ivutwayo humo huzunguka kwa kasi na kupata joto la ajabu. Mara nyingi wingu nene la gesi na vumbi hukizingira kitovu, na nuru ya kawaida haipiti. Eksirei kali hupenya, kama zipenyavyo nyama hospitalini zikaonyesha mfupa.

Hata hivyo pana tatizo. Chombo cha kunasa eksirei kali hakionyeshi mahali barabara. Satelaiti ya Swift, iliyorushwa tarehe 20 Novemba 2004 na ambayo habari zake zilipangiwa kupokewa na kituo cha Malindi, ilikuwa na chombo ambacho kosa lake laweza kufikia sehemu moja ya kumi ya upana wa mwezi. Ndani ya kieneo hicho mna nyota na galaksi hafifu nyingi. Ipi ndiyo yenyewe?

Hapo kazi hufanana na ya askari mpelelezi. Kwanza darubini ya eksirei hafifu hupunguza idadi ya washukiwa. Kisha darubini ya ardhini hukusanya nuru ya mshukiwa, na nuru hiyo huchanguliwa rangi moja moja. Kila elementi ina mistari yake, mfano wa alama za vidole. Hidrojeni, kwa mfano, ina mstari mwekundu wa nanomita 656. Mstari huo ukisogea zaidi upande wa wekundu, hupimwa umbali wa galaksi. Ukiwa mpana, ni dalili ya gesi iendayo maelfu ya kilomita kwa sekunde karibu na shimo. Mistari yote ikiwa myembamba, yaelekea kitovu kimefichwa. Galaksi za aina hii zilielezwa na Carl Seyfert wa Marekani mwaka 1943.

Bila ushahidi huo, mwenye hatia aweza kuachwa na asiye na hatia kuandikwa. Satelaiti ya Ulaya INTEGRAL, iliyorushwa mwaka 2002, iliona vyanzo vingi visivyojulikana. Nuru yao ilipochanguliwa, vingine vilikuwa galaksi, na vingine nyota pacha zilizo humu humu katika galaksi yetu. Mwaka 2022 ilitolewa orodha ya galaksi 858 zilizonaswa na Swift na kuchunguzwa hivyo. Tungetegemea nuru pekee, nyingi za zilizojificha zisingehesabiwa, na hesabu yetu ya mashimo meusi ingekuwa pungufu.

Mzazi aweza kuwaonyesha watoto mwanzo wa elimu hii nyumbani. Weka bilauri ya maji juani, na karatasi nyeupe chini yake. Igeuzegeuze mpaka rangi za upinde wa mvua zitokee. Nuru ya jua imechanguliwa mbele yao, bila gharama yoyote.