Katoni za Dawa Zikikamatwa

Ukinunua vidonge sokoni Mulongwe, unasoma jina kwenye kopo na kuamini. Watu wa Ituri, kule kaskazini, nao waliamini. Tangu Desemba 2014 mpaka Agosti 2015 walilazwa watu zaidi ya 1,000, shingo zimepinda, ndimi zimetoka nje, wengi wao wakiwa watoto. Waganga walifikiri kwanza ni meninjiti. Kumbe vile vidonge vya manjano vilivyoandikwa Diazepam vilikuwa haloperidoli, dawa ya wagonjwa wa akili! Wengine walikufa.

Basi serikali ina haki ya kukagua, na tangu 2020 kuna ACOREP kwa kazi hiyo. Lakini mama mwenye kibanda huko Kalundu, aliyesoma jina lile lile kwenye kopo, je, ni mhalifu? Pengine naye alidanganywa. Katiba ya 2006 inasema hana kosa mpaka tribinali imhukumu. Aelezwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoisikia, na polisi wasimshike kupita saa 48 bila kumfikisha mbele ya wenye sheria. (Hiyo ya saa 48, vijana, ishikeni kichwani.)

Na dawa zenyewe? Polisi anayezibeba anapaswa kuandika PV inayoeleza vitu alivyochukua, kisha yeye na mwenye mali watie sahihi. Wengine hushangilia wakiona katoni zinabebwa hivi hivi. Mimi sishangilii. Bila karatasi ile, nani atajua kama dawa zilichomwa moto, ama zilipakizwa usiku kwenda Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako mtoto mwenye homa atazimeza?