AHADI HAIFI

Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Lakini aliyeahidiwa akifa, ni nani atakayelidai deni hilo? Hapo ndipo uaminifu wa mtu hupimwa, na kisa cha Daudi katika Biblia chaonyesha jambo hilo wazi.

Yonathani, mwana wa mfalme Sauli, alikuwa rafiki mpenzi wa Daudi. Alimwomba neno moja kubwa: awatendee wema watu wa nyumba yake siku zote. Daudi akakubali, wakaapiana.

Baadaye Sauli na Yonathani wakafa vitani katika mlima wa Gilboa. Habari ilipofika, yaya alimchukua Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, mtoto wa miaka 5, akakimbia naye. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili.

Miaka ikapita, Daudi akatawala. Wafalme wengi wa zamani walikuwa na desturi ya kuwaua wazao wa mfalme aliyetangulia. Daudi hakufanya hivyo, wala hakungoja kudaiwa. Yeye mwenyewe aliuliza kama yuko aliyesalia katika nyumba ya Sauli, apate kumfadhili kwa ajili ya Yonathani. Mefiboshethi akaletwa kutoka Lo-debari, alikokuwa akikaa nyumbani kwa mtu mwingine, akaanguka kifudifudi mbele ya mfalme. Akaambiwa asiogope. Akarudishiwa mashamba yote ya babu yake. Siba, wanawe 15 na watumwa wake 20 wakaagizwa kuyalima. Naye akala mezani pa mfalme daima.

Sauli hakuwa hivyo. Aliwaua Wagibeoni, ingawa Waisraeli walikuwa wamewaapia amani tangu siku za Yoshua. Katika siku za Daudi ikaja njaa ya miaka 3 kwa sababu hiyo, na wazao 7 wa Sauli wakalipa kwa maisha yao kosa lisilokuwa lao. Hata siku ile Mefiboshethi aliachwa hai, kwa ajili ya kiapo kile cha kale.

Mkulima aliyeachiwa na jirani yake amtunzie yatima shamba, na karani aliyemwahidi marehemu kwamba atamlipia mwanawe karo, huenda hawana hati wala shahidi. Mwenye kudai yumo kaburini, na mtoto hajui lolote. Basi, asiyedaiwa na mtu na akumbuke Lo-debari, akamtafute mtoto huyo yeye mwenyewe.