Wingi wa Kirusi umo mkiani

MTOTO wako amepata nafasi ya kwenda Moscow kusomea udaktari. Jamaa wamekuja kumuaga, chai imenyweka na wazee wamemwombea dua. Lakini je, kuna aliyemkumbusha kuwa kabla ya kuushika mwili wa mgonjwa, itambidi kwanza aishike lugha ya Kirusi?

Wanafunzi wa kigeni wanaosoma kwa Kirusi kwa kawaida huanza na mwaka mmoja wa maandalizi. Asiyepita mtihani wa lugha huenda akaikosa kozi yenyewe iliyompeleka huko. Wakenya wengi wamepitia njia hiyo tangu miaka ya 1960, wakiwemo waliosoma katika chuo kikuu kilichofunguliwa Moscow mnamo 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata.

Mojawapo ya mambo yanayomtoa mgeni jasho mapema ni wingi wa nomino. Wengi hukimbilia kuulinganisha na Kiingereza, ambako mara nyingi unaongeza herufi moja mwishoni na kwenda zako. Hapo ndipo wanapopotea. Anayejua Kiswahili ana msaada ulio bora zaidi: ngeli.

Kichwa na mkia

Sisi hubadilisha kichwa cha neno: kitabu, vitabu, mti, miti. Mrusi hubadilisha mkia. Naye pia ana makundi yake, ambayo ni matatu: jinsia ya kiume, ya kike na ya kati.

Neno la kiume mara nyingi huishia kwa konsonanti. Stol ni meza. Meza nyingi ni stoly. Hiyo y ya mwisho ni irabu isiyo ya kwetu. Jaribu kutamka i huku ulimi umeuvuta nyuma.

Neno la kike mara nyingi huishia kwa a, nayo hutoka ili kuipisha y. Gazeta, ambalo hata mtoto atatambua ni gazeti, huwa gazety. Lakini baada ya sauti kama g, k na sh, Mrusi huandika i: kniga ni kitabu, knigi ni vitabu.

Neno la kati huishia kwa o au e. Okno ni dirisha, okna ni madirisha. More ni bahari, na bahari nyingi ni morya.

Hapa pana mtego. A ya mwisho katika kniga ni ya umoja, lakini katika okna ni ya wingi! Kwa hiyo kuutazama mkia peke yake hakutoshi; lazima ujue neno ni la kundi gani. Si ajabu kwetu, kwani "vita" huanza kama "viti", ilhali kiti kina umoja wake na vita havina "kita".

Kuna nafuu pia. Katika umoja, kivumishi hufuata jinsia: novyi stol (meza mpya), novaya kniga (kitabu kipya), novoe okno (dirisha jipya). Katika wingi, zote tatu huchukua novye. Mwanafunzi aliyezoea kupambanua vipya, mipya na mapya atashusha pumzi.

Maneno wakaidi

Yapo yasiyofuata sheria. Drug, yaani rafiki, huwa druzya. Dom, nyumba, huwa doma. Chelovek ni mtu, lakini watu ni lyudi, neno jingine kabisa. Dengi, yaani pesa, hutumika katika wingi tu, kama sisi tusemavyo maji haya na maziwa haya. Haya huna budi kuyakariri.

Dukani nako kuna mtihani mwingine, maana hesabu nayo hubadili mkia. Rubo moja ni rubl. Mbili, tatu na nne ni rublya. Kuanzia tano ni rublei. Ukifika 21 unarudi kwa rubl, kwa sababu namba hiyo inaishia na moja!

Afanyeje basi anayeanza? Asiandike neno daftarini likiwa peke yake. Aandike umoja, jinsia na wingi wake kwenye mstari mmoja, kisha alitungie sentensi yenye kivumishi. Maneno matano kwa siku, akiyasema kwa sauti, yatamfaa kuliko hamsini ya usiku wa kuamkia mtihani. Na akikosea mbele ya mwenyeji, asinyamaze kwa haya. Sisi wenyewe tukimsikia mgeni akisema "mtoto zangu" tunamwelewa, kisha tunamrekebisha.

Kwa hivyo mzazi, mwanao akinung'unika leo kwamba ngeli zinamsumbua, mwambie avumilie. Huenda ndizo zitakazomshika mkono ugenini.