Fahamu: Kwa nini samaki wa milima ya Maloti yuko hatarini?
Samaki wa Maloti, ambaye kwa jina la kisayansi huitwa Pseudobarbus quathlambae, ni samaki mdogo wa familia moja na kuyu na ningu, aliyeelezwa na wanasayansi mwaka 1938 kutoka Mto Umkhomazana nchini Afrika Kusini, akatoweka huko, kisha akaonekana tena mwaka 1970 nchini Lesotho, ambako ndiko pekee anakoishi sasa.

Adui wake mkuu ni trauti, samaki mgeni aliyeletwa kwa ajili ya uvuvi wa burudani, ambaye humla na kumnyang'anya chakula, huku tope litokalo kwenye malisho yaliyochakaa likiziba nafasi kati ya mawe ya mtoni. Maporomoko ya maji humkinga kwa kuwazuia trauti kupanda, hivyo bwawa likijaa hadi kuyafunika, kinga hiyo hupotea.