Dereva Ametuona, Lakini Je, Gari Litasimama?

Akina mama wengi tukivuka barabara na watoto hujiambia, "Dereva ametuona, atasimama." Kuonwa ni jambo moja, gari kusimama ni jingine. Kati ya hayo mawili kuna mita nyingi, na humo ndimo wanamoumia wengi tunaowapokea wodini.

Tuanze na mwili wa dereva. Tangu jicho lione mpaka mguu ukanyage breki hupita karibu sekunde nzima, hata kwa mtu mzima wa afya. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa huenda mita 14 katika sekunde hiyo. Lenye mwendo wa 80 huenda mita 22. Breki bado hazijaguswa!

Sisi wauguzi tunaijua sekunde hiyo vizuri. Pombe huirefusha. Uchovu nao huirefusha: baba amekesha msibani, alfajiri anashika usukani arudi kazini, nasi tunamfungia chai kwenye chupa tukidhani imetosha. Tena kuna dawa, ambazo watu huzisahau. Vidonge vya mafua na mzio kama Piriton huleta usingizi, na wengine huamka nao bado asubuhi. Kabla ya kumpa mume kidonge, tumwulize kama ana safari. Mfamasia anaweza kumpatia dawa ya mzio isiyolaza sana.

Breki zikishakanyagwa, mwendo ndio unaoamua. Ukiongezwa mara mbili, umbali ambao breki huhitaji kulisimamisha gari huwa mara nne, si mara mbili. Kitabu cha sheria za barabarani cha Uingereza hukadiria kwamba gari dogo lenye mwendo wa kilomita 48 kwa saa, juu ya lami kavu, husimama baada ya mita 23. Kwa kilomita 96 ni mita 73, zaidi ya nusu ya uwanja wa mpira. Lami ikilowa, breki huhitaji umbali maradufu au zaidi, na manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi ni hatari sana kwa kuwa huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyomwagika. Tairi lenye kipara haliwezi kuyasukuma maji pembeni. Basi lililojazwa watu na magunia likishuka mlima kwa breki tupu, bila gia ya chini, breki hupata moto na kulegea. Abiria anayemwomba dereva apunguze mwendo hajamkosea adabu, hata konda akicheka.

Na watoto? Mtoto mdogo hawezi kupima mwendo wa gari linalokuja. Tumshike kifundo cha mkono, maana vidole huchopoka, tungoje mpaka magurudumu yaache kuzunguka, kisha tuchungulie kama kuna gari jingine linalolipita lile lililosimama.