Kioo cha Mchoraji: Kifunikwe au Kiachwe Wazi?

Siku hizi wachoraji wa viwanda vya nguo huchora nakshi kwenye kibao chenye kioo, kwa kalamu isiyo na wino. Swali lao ni hili: kioo kibandikwe protekta kama ya simu, au kiachwe?

Protekta huzuia mikwaruzo. Ile isiyong'aa hupunguza mng'ao wa taa, na kalamu hukamata kama juu ya karatasi. Lakini hufifisha rangi kidogo, na mparuzo wake hula ncha ya kalamu upesi. Ncha iliyolika upande hupata makali. Makali hayo, pamoja na mchanga, ndiyo hukwaruza kioo.

Ncha hubadilishwa, na bei yake ni ndogo sana kuliko ya kioo. Basi mwenye chumba safi, anayebadili ncha mapema, aweza kuacha kioo wazi. Penye vumbi, afute kioo kwanza, kisha abandike.

Lakini kibao ni mali ya mwajiri. Ncha na protekta ni vifaa vya kazi, kama sindano ya cherehani. Gharama yake isikatwe katika mshahara. Kamati ya tawi idai jambo hili liandikwe katika mkataba wa hali bora, kabla kioo hakijakwaruzika.